Waya Haukukatika

Mwaka 2022, mwezi wa Julai, nilimwita kijana wa waya aje aung'oe waya wake nyumbani kwangu. Tulimwita kijana wa waya tangu alipoanza kutuletea picha mwaka 2001, na jina hilo lilimganda hata mvi zilipoanza kumwota kidevuni. Alikuja na ngazi na koleo, akapanda hadi juu ya dirisha la sebule, akaukata waya mweusi uliokuwa umepita hapo kwa miaka 21, akauviringisha mkononi kama anayekunja kamba ya ng'ombe aliyeuzwa. Aliposhuka aliniuliza, "Mzee wangu, au kuna mahali nimekukosea?" Nikamwambia hapana, ni watoto wamenunua televisheni janja na wanataka kutazama kwa mtandao. Akatikisa kichwa. Akasema yangu ilikuwa nyumba ya tisa mwezi ule. Kisha akaniaga kwa adabu, akaenda zake na waya wake begani.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwezi huo huo, huko Marekani, wapimaji wa kampuni ya Nielsen waliona jambo ambalo halijapata kutokea: muda ambao watu waliutumia kutazama vipindi kwa njia ya mtandao uliupita ule wa televisheni ya waya, asilimia 34.8 kwa 34.4. Kumbe mimi na kijana wangu pale Ilala tulikuwa ndani ya safari moja na watu wa mbali sana.

Wenye kufanya hivi husema wamekata waya, na hulisema neno hilo kwa furaha, kana kwamba wamefunguliwa minyororo. Nami nililisema. Lakini miaka iliyofuata imenifundisha kwamba waya haukukatika, tuliubadili tu. Nyumba yenye televisheni haijapata kuwa huru hata siku moja. Daima kuna mtu ameshika ncha ya pili. Linalobadilika ni nani huyo, yuko mbali kiasi gani, na kama unaweza kwenda kumgongea mlango. Ili nieleweke vizuri, sina budi kurudi nyuma.

Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja. Televisheni ya Zanzibar ilipoanza mwaka 1973 nilikuwa na umri wa miaka minane, nami sikujua kwamba tulikuwa tunatazama ajabu. Picha zile zilikuwa za rangi tangu mwanzo, wakati katika nchi nyingi za Afrika televisheni ilikuwa bado nyeusi na nyeupe, au haikuwapo kabisa. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, ilianza televisheni mwaka 1976. Wazo la kituo kile lilikuwa la siku za Mzee Abeid Amani Karume, lakini yeye hakuwahi kukiona kikifanya kazi, maana aliuawa Aprili 1972.

Wachache mno walikuwa na televisheni majumbani. Sisi wengine tulitazama mahali pa hadhara, tumekaa chini, watoto mbele, wanaume nyuma yao, na wanawake na mabuibui yao upande mmoja. Aliyeiwasha ndiye aliyeizima. Hapakuwa na kuchagua. Kikija kipindi cha kilimo, tulitazama kilimo. Ikija taarabu, mji mzima uliimba. Mji Mkongwe kuna baraza maarufu liitwalo Jaws Corner, na wenyewe husema jina lilitokana na filamu ile ya papa iliyotazamwa pale. Sijui mahali pengine ambapo njia panda ya mji imepewa jina na kitu kilichotazamwa kwa pamoja. Ncha ya pili ya waya ilishikwa na serikali, na serikali haikumwuliza mtu apendacho. Lakini kila tulichokiona tulikiona sote, na asubuhi yake hapakuwa na haja ya kumsimulia mwenzio.

Upande wa Bara mambo yalikuwa kinyume. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994. Haukuwa usahaulifu. Mwalimu Nyerere aliona kwamba televisheni ingekuwa anasa ya watu wachache wa mjini, hali gharama yake ingelipwa na wakulima wasioweza hata kuinunua. Redio ilimfikia mkulima shambani kwa betri mbili. Televisheni ilidai umeme, na umeme ulikuwa wa wachache. Hoja hiyo mtu anaweza kuipinga, lakini hawezi kusema ilikuwa ya kijinga. Hata hivyo watu ni watu. Waliokaa pwani ya Dar es Salaam walisimamisha milingoti mirefu kunasa picha za Unguja kupitia bahari, na wa Arusha, Moshi na Tanga walielekeza antena zao Kenya. Na baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video ziliingia kwa wingi, na vibanda vya kutazamia filamu vikaota kila mtaa.

Nilihamia Dar es Salaam mwaka 1988. Watu wa hapa waliponisikia nikisimulia televisheni ya utotoni mwangu walidhani ninajigamba. Ndipo Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua njia kwa vituo vya watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV, CTN na DTV vikaanza kurusha matangazo. Ikawa ajabu ya pili: nchi iliyoukataa mlango huo kwa miaka thelathini ilifunguliwa na wafanyabiashara, si na serikali. Televisheni ya Taifa ilikuja nyuma yao, mwishoni kabisa mwa muongo ule.

Oktoba 1999 Mwalimu alifariki huko London, mwili ukarudishwa nyumbani. Sikuwa bado na televisheni. Nilikwenda kwa jirani, tukajazana sebuleni kwake watu zaidi ya ishirini, wengine wamesimama dirishani kwa nje. Tuliliona jeneza likishushwa kwenye ndege. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Huyu alitwambia tungoje, na leo tunamwona humu." Hakuna aliyecheka wala kumjibu. Nimelikumbuka neno lile mara nyingi. Mwalimu aliogopa kwamba chombo kile kitawatenga wenye nacho na wasio nacho. Siku ile ya kumwaga kilitukusanya. Nafikiri kilitukusanya kwa sababu kilikuwa kimoja, na sisi tulikuwa wengi.

Sasa nije kwenye waya wenyewe. Watu hudhani televisheni ya waya ilibuniwa na makampuni makubwa. Sivyo. Ilianza Marekani mwaka 1948, katika miji midogo ya Pennsylvania na Oregon iliyozibwa na milima. Miongoni mwa walioianzisha walikuwamo wenye maduka waliouza televisheni, ambao hawakuwa na cha kumwonyesha mnunuzi, kwa kuwa mawimbi hayakufika bondeni. Wakasimamisha antena mlimani, wakashusha waya hadi mjini, kisha wakawagawia majirani kwa malipo. Lilikuwa shauri la mtaa, kama kisima. Ukubwa ulikuja baadaye, setilaiti zilipoingia. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman lilipiganwa Kinshasa usiku wa kuamkia Oktoba 30, 1974, karibu saa kumi alfajiri, si kwa sababu Wazaire walipenda kukesha, bali ili watazamaji wa Marekani walione jioni yao. Mwaka uliofuata, Ali alipopigana na Joe Frazier karibu na Manila, kituo cha HBO kilitumia setilaiti kulifikisha pambano hilo kwa wateja wake wa waya. Tangu siku hiyo antena ya mlimani haikuwa lazima tena. Mlima ulikuwa umehamia angani.

Kwetu, waya ulikuja kwa njia ile ile ya mwanzo, njia ya kisima. DStv ilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1995, lakini dishi na king'amuzi chake vilikuwa vya wenye uwezo. Kijana wa waya aliweka madishi manne makubwa juu ya paa la nyumba ya marehemu baba yake. Ndani ya chumba kimoja alipanga vipokezi vyake, kila kimoja kikitoa kituo kimoja, na mashine ya kuzichanganya picha zote ziingie katika waya mmoja. Kisha waya ukatoka, ukapita juu ya mapaa, ukafungwa kwenye miembe na kwenye nguzo zisizo zake. Kila baada ya nyumba kadhaa aliweka kisanduku cha kuongeza nguvu, maana picha huchoka njiani kama maji ya bomba. Nyumba za mwanzo ziliona picha safi, za mwisho ziliona chenga. Yangu ilikuwa karibu na mwisho.

Tulilipa kila mwezi, naye aliandika katika daftari lenye jalada jekundu. Aliyekuwa na msiba alisubiriwa. Umeme ukikatika kwake, mtaa mzima ulikosa picha hata kama kwako taa zinawaka, na dakika tano hazikupita kabla ya watu kujaa mlangoni kwake, watoto wakiwa mbele. Zaidi ya mara moja alikatiza mpira katikati ili awatilie akina mama tamthilia yao, na zaidi ya mara moja alitukanwa kwa hilo. Alikuwa, kwa maana hasa ya neno, mhariri wa mtaa. Alijua nani anapenda nini. Filamu alizoziona hazifai aliziondoa saa za watoto, bila sheria wala kamati, kwa kuogopa tu kukutana na bibi zao msikitini.

Simsifu kupita kiasi. Sikuwahi kumwuliza kama alilipia haki za vipindi vile, wala sidhani kama ningelipenda jibu. Chenga zilituchosha. Na waya ulipokatwa na lori, ulikaa chini siku nne.

Baada yake ilikuja zamu ya ving'amuzi. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na televisheni ya chogo isiyo na king'amuzi ikawa meza ya kuwekea maua. Miji mingine ilifuata hadi mwaka 2015. Tuliahidiwa picha safi, na kweli ilikuwa safi. Kilichoingia pamoja nayo ni neno kifurushi. Ukawa unanunua vituo 60 ili utazame vitano. Agosti 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru baadhi ya ving'amuzi vya kulipia viache kubeba vituo vya ndani vinavyopaswa kuonekana bure, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu. Kwa ghafla, mwenye king'amuzi cha fedha nyingi aliweza kuona mpira wa Uingereza lakini akaikosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku ya nchi yake. Kijana wa waya alipata wateja wapya mwaka ule. Ilikuwa pumzi yake ya mwisho.

Maana huku nyuma, polepole, waya mwingine ulikuwa umeshaingia, nao hatukuuona kwa sababu ulipita chini ya bahari. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiiunganisha pwani yetu, Dar es Salaam na Mombasa, na Ulaya na Asia. Mwaka uliofuata ulikuja wa EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na nzito, na kuingoja picha moja ifunguke ilikuwa kazi ya kunywea chai. Netflix, iliyoanza Marekani kwa kukodisha filamu za diski kwa njia ya posta, iligeukia mtandao mwaka 2007. Januari 2016 ilifungua milango katika nchi 130 kwa siku moja, zikiwamo karibu zote za Afrika. Sisi tulikuwa tumeshazoea YouTube kwenye simu, kwa bando la kuhesabu. Ilibaki tu faiba ifike mlangoni. Kwetu ilifika mwaka 2022, na ndipo watoto wakaniambia, "Baba, huyu wa waya wa nini tena?"

Ningekuwa mnafiki nikisema sikufurahi. Wiki ya kwanza nilitafuta taarabu ya zamani, na humo nikamkuta Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, akiimba kwa sauti ile ile ya ukungu niliyoisikia utotoni. Nilimrudia mara tatu usiku ule. Ng'ambo tulipokuwa watoto, wimbo ukipita umepita. Unangoja mpaka watakapopenda kuurudisha. Mjukuu wangu alijifunza hesabu za sehemu kwa mwalimu aliyeko Kenya ambaye hatutakutana naye maishani. Mke wangu hakuhitaji tena kugombana na mtu kuhusu mpira na tamthilia.

Lakini hilo la kutogombana ndilo lililoanza kunitia mashaka. Kugombana kulikuwa ni kukaa pamoja. Miezi sita baada ya waya kung'olewa, televisheni ile kubwa ilikuwa inatazamwa na mimi peke yangu. Binti yumo chumbani na simu yake, mjukuu na kishikwambi, mama yao jikoni na yake imeegemezwa kwenye mtungi. Kila mmoja anacheka kwa wakati wake. Nikiuliza, "Mnacheka nini?" huanza kunisimulia, kisha huona ni habari ndefu, huacha. Mwaka 1973 watu mia walikuwa na kioo kimoja. Mwaka 2001 nyumba ilikuwa na kioo kimoja. Sasa watu wanne tuna vioo vitano.

Jumapili ya Mei 12, 2024 mtandao ulilegea nchi nzima, na katika nchi jirani pia. Mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika baharini upande wa Afrika Kusini. Mjukuu alinijia na kishikwambi chake: "Babu, mwambie wa mtandao aje atengeneze." Nilipiga simu kwa watoa huduma wetu, nikasikiliza muziki, nikaambiwa nibonyeze namba, nikasikiliza muziki tena. Nilikuwa nimemzoea mtu wa kumgongea mlango. Sasa ncha ya pili ya waya ilikuwa chini ya bahari, ikingoja meli ya mafundi. Nilicheka, maana nilikumbuka lori lililokata waya wa mtaa na siku nne za chenga. Tulihama kutoka kwenye waya uliokatwa na lori, tukaingia kwenye waya unaokatikia baharini.

Mwaka uliofuata sikucheka. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Kulikuwa na ghasia, na Dar es Salaam tuliamriwa tusitoke nje usiku. Watu walipoteza ndugu zao siku zile, na mbele ya msiba kama huo habari ya kioo kilichozimika ni ndogo. Siileti kwa kuilinganisha. Naieleza kwa sababu ndiyo saa ambayo mtu anahitaji kujua linalotendeka, na ndani ya nyumba yangu yenye vioo vitano hakikuwapo hata kimoja cha kutwambia. Antena nilikuwa nimempa mwokota vyuma. Redio ilikuwa ndani ya simu, na simu ilitaka mtandao. Nilichokiita uhuru wa kuchagua, mtu mmoja mahali fulani aliufunga kwa kitufe. Nikafahamu kwamba tangu Ng'ambo ya utoto wangu nimezunguka duara kubwa: aliyeiwasha ndiye aliyeizima.

Jioni ya pili Mama Salma wa ghorofani alibisha hodi. Yeye hakuwahi kufuata mtindo. Alibaki na televisheni ya chogo, antena dirishani na king'amuzi cha zamani, ambacho hata malipo yakiisha huendelea kuonyesha vile vituo vya bure. "Baba Rehema," alisema, "pandeni mje, msikae gizani." Tulipanda sote. Tuliwakuta majirani wa mlango wa tatu, ambao kwa miaka miwili nilikuwa nikiwajua kwa salamu tu. Vituo vile navyo vilisema vilichoruhusiwa kusema, na watu wazima tulijua hivyo. Kila taarifa ilipokwisha tulitazamana, kisha mmoja akaeleza alichosikia kwa simu ya sauti kutoka Mbagala, mwingine kutoka Mwanza. Habari nusu tuliipata kwenye kioo, nusu tuliipata kwa kukaa pamoja. Mjukuu alikaa chini, mbele, mahali pa watoto, bila kuelekezwa na mtu.

Mtandao uliporudi, kila mtu alirudi chumbani kwake. Sikuwalaumu, na mimi pia nilimrudia Bi Kidude. Siwezi kumrudisha kijana wa waya. Nilisikia ameuza madishi yake kwa uzito, na sasa anafunga faiba kwa ajili ya kampuni, akipanda ngazi ile ile. Nililofanya ni dogo. Nilikwenda Kariakoo nikanunua antena na redio ya betri. Antena nimeifunga juu ya dirisha la sebule, katika tundu lile lile alilolitoboa yeye mwaka 2001, ambalo sikuwahi kulizibia.